Hakuna Mkimbiaji wa Mwisho

Nyinyi mliokua na milango ya treni inayojifunga yenyewe, ikilia pii-pii-pii kama kifaranga, nivumilieni kidogo. Treni nilizoanza nazo kazi kusini mashariki ya London, mwanzoni mwa miaka ya tisini, zilikuwa na mlango kwa kila safu ya viti. Behewa moja lilikuwa na milango kumi kila ubavu. Treni ya mabehewa manane, basi, ilikuwa na milango themanini upande wa jukwaa, na kila mmoja ulifunguliwa na kubamizwa na abiria mwenyewe. Ukiwa ndani uliteremsha kioo, ukatoa mkono nje, ukazungusha kishikio cha chuma. Asubuhi watu waliruka chini kabla treni haijasimama sawasawa, gazeti kwapani, na milango ikabaki wazi nyuma yao. Saa ya kuondoka ilisikika kama mtu anamwaga sufuria themanini kwenye saruji.

Kazi yangu ilikuwa kusimama jukwaani na kuhakikisha kila mlango umefungwa kabla treni haijaondoka. Hiyo tu. Nasema "hiyo tu" leo, nimestaafu, magoti yamechoka, nakunywa chai yangu. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, nina digrii ya jiografia, na ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linachacha. Kwenye usaili waliniuliza ningefanya nini nikimwona ng'ombe kwenye reli. Jibu lilikuwa rahisi: mpigie simu mtu wa kibanda cha ishara, azuie treni. Mimi nikauliza ng'ombe yuko kwenye reli ipi kati ya mbili, anaelekea upande gani, na kama mwenyewe anajulikana. Wakacheka, wakaniajiri. Mpaka leo sijui kwa nini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Desmond, Mjamaika wa makamo, msimamizi wa jukwaa, mtu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Tuliongea Kiingereza, lakini hapa nitamsemesha Kiswahili, sidhani kama atanishtaki. Siku ya kwanza alinisimamisha pembeni ya treni akauliza:

"Profesa, unaona nini?"

"Naona mlango wa kwanza, umefungwa. Wa pili, umefungwa. Wa tatu..."

"Ukifika wa themanini, wa kwanza atakuwa ameufungua mtu mwingine. Anza upya?"

"Ndiyo, nadhani ni salama zaidi kuanza upya."

Akafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Kisha akanionyesha. Kishikio kikilala sawa na ubavu wa behewa, mlango umefunga. Kikiinama hata kidogo, mlango umeshika nusu tu, na mtu akiuegemea treni ikiwa mbio, hatutaki kuongea habari hiyo. Siri ni kutotazama kishikio kimoja kimoja. Unasimama karibu na ubavu wa treni, unapeleka jicho mpaka mwisho, unatazama vishikio vyote kama uzi mmoja. Kilichoinama kitajitokeza chenyewe, kama meno yaliyopangana na moja limechomoza. Ukiridhika unainua kibao cheupe chenye mpini. Gadi aliyeko nyuma ya treni akikiona, anampigia dereva kengele mara mbili, treni inaondoka. Ukiona hatari, unainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Gadi anapiga kengele mara moja, treni inasimama.

Kwa jicho la uzi nilichukua wiki mbili. Kwa kipaza sauti nilichukua muda mrefu zaidi. Niliogopa abiria hawataelewa matamshi yangu, kwa hiyo nikaandika tangazo langu la kwanza kwenye karatasi, na kila stesheni, na mahali pa kubadilisha treni, na ombi la kuangalia mizigo, na shukrani. Nikalisoma taratibu, kwa ufasaha. Nilipofika kwenye shukrani treni ilikuwa imeshaondoka, na jukwaani amebaki kizee mmoja wa Kiingereza na mbwa wake. Akanipigia makofi.

Lakini balaa langu hasa lilikuwa wakimbiaji.

Mtaelewa mkisimama mahali pale asubuhi. Stesheni yetu, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa na ngazi ndefu za kushuka jukwaani. Treni ikiingia, lazima kuna mtu kwenye ngazi anakimbia. Na mara nyingi ni mtu mzima: mama mwenye mifuko, mzee mwenye fimbo anayejitahidi mpaka kofia inamtoka. Mimi nimelelewa Morogoro. Huko ukimwona mtu wa makamo ya mama yako anakuja mbio na mkono juu, unangoja, huulizi. Utawezaje kumtazama usoni halafu umfungie mlango? Kwa hiyo nilishusha kibao. Yule mama akapanda, akanishukuru, moyo wangu ukajaa. Kufumba na kufumbua, kwenye ngazi kuna mwingine. Huyu naye ana mtoto mgongoni. Nikangoja. Baada yake, kijana wa suti. Huyo sikumwonea huruma sana, lakini nikajiuliza: je, ni haki kumngoja mama na kumwacha kijana? Na kama anakwenda kwenye usaili wa kazi?

Treni ikichelewa zaidi ya dakika chache, ofisi ilitaka maelezo. Wenzangu waliandika mstari mmoja: "Abiria wengi." Mimi niliandika kurasa mbili, na mchoro wa ngazi. Desmond alizisoma kwa sauti chumba cha chai, watu wakashika mbavu.

"Sikiliza, Profesa," akaniambia siku moja, safari hii bila kucheka. "Hakuna mkimbiaji wa mwisho. Unangoja mtu ambaye hayupo. Mpaka ustaafu kutakuwa na mtu kwenye zile ngazi."

Nikamwambia naelewa. Nilielewa kweli, na kesho yake nikangoja tena.

Sasa mjue nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Ndani ya miezi hiyo mtahini huja jukwaani, anasimama nyuma yako, anakutazama ukiondoa treni kadhaa. Ukishindwa unapewa nafasi moja tu ya kurudia. Ukishindwa tena, unarudisha filimbi na koti. Mtahini alipokuja mara ya kwanza, mama mwembamba mwenye miwani na ubao wa kuandikia, niliondoa treni ya kwanza vizuri, ya pili vizuri, na ya tatu nikamngojea bibi mwenye kigari cha sokoni, akifuatiwa na watawa wawili. Nani anaacha watawa? Akaandika neno moja kwenye karatasi yake. Lilikuwa fupi mno kuwa "hongera".

Koti lile lilikuwa kila kitu kwangu. Nyumbani walikuwa wameona picha yangu nimelivaa, na mjomba wangu, aliyefanya kazi reli maisha yake yote, aliipachika ukutani sebuleni. Baada ya mwaka mzima wa kufagia ofisi za watu nikiwa na shahada yangu kwenye bahasha, nilikuwa nimepata kazi yenye jina. Nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja.

Aliyeniokoa si Desmond. Ni Mama Neema, Mkongo wa Bukavu ("ndiyo" yetu kwake ni "njo"), aliyesafisha stesheni yetu alfajiri. Akimaliza kwetu alipanda treni kwenda kazi yake ya pili, nyumba ya kutunzia wazee, karibu na Lewisham. Asubuhi moja baada ya zamu yangu ya mapema alinikuta nimekaa kwenye benchi nimeinamisha kichwa.

"Sasa wewe uko nalia nini?"

"Silii, dada. Nafikiri."

"Njo mbaya zaidi. Simama, tuende. Leo utapanda na mie."

"Kwenda wapi?"

"Kupanda tu."

Jukwaani sasa alikuwa mwenzangu mwingine, mpole kama mimi, naye alikuwa ameizuia treni ya mbele akingoja watu wa ngazini. Hiyo ilikuwa imejaa, hatukuipanda. Mama Neema alinishika mkono tukapanda iliyofuata. Tukaenda vizuri vituo viwili. Halafu, kabla ya makutano ya reli Lewisham, tukasimama. Dirishani hakuna kitu ila ukuta wa matofali na kichaka. Behewa zima likaguna kwa pamoja.

"Tuko nangoja nini?" akaniuliza.

Nilijua. Treni ya mbele ilikuwa imepoteza nafasi yake kwenye makutano. Treni ya njia nyingine ikapitishwa. Sasa zote nyuma zimepangana kama foleni ya kisima. Nikamweleza hivyo, kitaalamu, na nikatamani kumchorea.

"Mm-hm," akasema. "Pale kwa kazi yangu kuko bibi moja. Miaka tisini na kitu. Hawezi kutoka kitandani, na mutu moja hawezi kumuinua, sheria inasema watu wawili. Mwenzangu ashafika. Anangoja mie. Na yule bibi anangoja, amelowa, kila siku mie nachelewa. Unajua ananiambia nini? 'Pole, mama, najua treni.' Yeye njo ananipa pole!"

Nikageukia ukuta wa matofali.

"Wewe uko naheshimu bibi mwenye kukimbia," akasema. "Ni vizuri. Bibi yangu mie hawezi kukimbia."

Tulikaa pale mbele ya ukuta wa matofali muda wa kutosha mimi kuhesabu vichwa vya watu behewani, na kuzidisha kwa mabehewa, na kuzidisha kwa treni za nyuma yetu. Kwa mara ya kwanza hesabu zangu zilinifaa kitu.

Hapo niwatoe nje kidogo, maana najua kuna mmoja wenu anajiuliza: sasa milango themanini iko wapi? Imekwenda. Katikati ya miaka ya elfu mbili treni zile zilimalizika kabisa, zikaja za milango ya kuteleza, yenye taa ndogo ubavuni; taa ikizimika, umefunga. Hata sauti yangu ikapumzishwa. Akaja mwanamke wa mashine, anatangaza kila stesheni bila kukosea, hakohoi, hashukuru kupita kiasi. Mzee mmoja aliniuliza kama huyo binti analipwa vizuri. Lakini jicho la uzi sikuliacha. Mpaka siku ya mwisho kazini, kabla ya kuzitazama taa, nilitupa jicho ubavuni mwa treni. Niliwahi kuona mkanda wa begi umebanwa, na taa zote zimezimika. Mashine huamini mlango umefunga. Wewe angalia umefunga nini.

Jambo jingine lililobaki vilevile ni majani. Kila msimu wa majani kupukutika, reli zinateleza, treni zinachelewa. Nilimwandikia mjomba habari hiyo mwaka wangu wa kwanza. Yeye amewahi kulala siku tatu Kilosa kwa sababu mafuriko yamebeba daraja. Amewahi kusubiri tembo wapite. Akanijibu kwa barua: "Aloyce mwanangu, kama umefukuzwa kazi sema ukweli. Usisingizie majani."

Haya. Mtihani wa pili.

Yule mama mwembamba alikuja tena, miwani ileile. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limetoka, treni zinapita kila dakika ishirini. Desmond alisimama mbali akijifanya anasoma ratiba aliyoijua kwa moyo. Treni ya kwanza niliiondoa. Mtu mmoja alibaki jukwaani akanitukana. Nikamwambia nyingine inakuja. Treni ya pili niliiondoa. Jicho lilikuwa kwenye uzi.

Treni ya tatu ikaingia. Watu wakashuka, wakapanda, milango ikabamizwa. Nikatazama: uzi umenyooka. Nikainua kibao. Nikasikia kengele, moja, mbili. Na hapohapo nikasikia kutoka kwenye ngazi:

"Aloyce! Weee Aloyce! Ngoja, baba!"

Sauti ile ningeitambua hata usingizini. Alikuwa Mzee Kondo, mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, mtu aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na sanduku moja, akanilaza kwake. Alikuwa anakwenda Kingsbury kwenye maduka ya Wahindi kununua iliki na mchele wa shughuli ya binti yake. Alikuwa amevaa kanzu na koti juu, na anakuja kwa kasi ambayo sikujua anayo.

Sikumngoja. Naapa sikuteremsha kibao. Nilimpungia mkono: rudi nyuma, mzee. Lakini yeye alimwona Aloyce wake, na Aloyce wake hawezi kumwacha, kwa hiyo akanyoosha mkono akashika kishikio, akafungua mlango, akaweka mguu mmoja ndani. Na treni ikaanza kusogea.

Nikainua mikono yote miwili juu ya kichwa nikapiga kelele. Kengele moja. Treni ikashtuka ikasimama, haijamaliza hata hatua tatu. Mzee Kondo alikuwa anajivuta aingie. Sheria ni kwamba anayefungua mlango treni ikiwa imeshapewa ruhusa anatolewa, mlango unafungwa, treni inaondoka. Hapandi. Ukimpandisha, kesho wote watashika vishikio.

Nilikimbia nikamshika mkono juu ya kiwiko. Na kwa kuwa nilikuwa nimemfikia mtu mzima na sijamwamkia tangu asubuhi, mdomo wangu ukafanya uliyofundishwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema, nikamvuta nje.

"Marahaba," akajibu, akiwa hewani.

Nikamsimamisha nyuma ya mstari. Nikaubamiza mlango. Nikatazama uzi mara moja, mara moja tu, nikainua kibao. Kengele mbili. Treni ikaondoka. Desmond alikuwa ameishika ratiba juu chini.

Yule mama akanisogelea, kalamu mkononi.

"Ulimwambia nini yule bwana?"

"Nilimwamkia. Ni salamu ya heshima kwa wakubwa."

"Kabla ya kumtoa?"

"Wakati nikimtoa."

Akaanza kuandika. Akaandika sana. Mara ya kwanza lilikuwa neno moja. Sasa ni mistari, na mimi nikajiuliza kama kuna mashtaka marefu kiasi hicho. Nilimvuta kwa nguvu mno? Au nilipaswa kumwona mapema? Mzee Kondo akaketi kwenye benchi, akapangusa koti lake pale niliposhika.

"Aloyce."

"Naam, mzee."

"Nani alikupokea uwanja wa ndege?"

"Wewe, mzee."

"Ukalala sebule ya nani miezi minne?"

"Yako, mzee."

"Na leo umenivuta mbele za watu kama mbuzi wa mnadani."

"Ndiyo, mzee. Nisamehe. Lakini treni ilikuwa inaondoka."

Akanitazama. Akamtazama yule mama. "Huyo mzungu anaandika nini?"

"Ananitahini, mzee. Huu ndio mtihani wa mwisho. Nikishindwa, kazi basi."

Akasimama, akanyoosha kanzu, akaenda moja kwa moja kwa yule mama. Nikataka ardhi ifunguke. Mzee Kondo alikuwa na Kiingereza cha ukarani wa zamani, kilichonyooka kama rula.

"Bibi," akamwambia, "kijana huyu alikaa nyumbani kwangu miezi minne. Kila asubuhi nilimuuliza, chai au uji? Na kila asubuhi alifikiri mpaka vyote vikapoa. Leo ni mara ya kwanza namwona anaamua jambo. Kosa lilikuwa langu. Andika hivyo."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nilikuwa nimeshaandika," akasema, akaugeuza ubao nione mstari wa mwisho, wenye sahihi yake. Nimefaulu. Desmond alipiga yowe moja lililowashtua njiwa wote wa jukwaa la pili.

Mzee Kondo alingoja treni iliyofuata dakika ishirini nzima, na alikuwa wa kwanza kupanda. Akateremsha kioo akanikunjia kidole nisogee.

"Jumapili ni shughuli ya binti yangu. Saa saba kamili. Ukichelewa, mlango nafunga mimi mwenyewe, na shikamoo yako utaitoa ukiwa nje."

Nilifika saa tano. Wapishi walikuwa hata hawajabandika maji. Mama Neema, aliyekuja kusaidia, alinitazama, akatikisa kichwa, akanipa kisu na ndoo nzima ya vitunguu.